Mwalimu Kishale: Mama Aliyewaandikisha Watoto Arobaini Ukurasa Mmoja

Mama,

Mwaka umetimia leo tangu ile asubuhi ya Jumanne ulipotutoka. Mpaka sasa simu ya Baba ikilia saa nne kamili, saa yako ya mapumziko shuleni, sote tunageuza shingo.

Tumeambiana kwamba tangazo hili lisiwe la machozi. Yale ya mwaka jana yalitosha, na mengine tunayo akiba. Leo tunataka kuzungumza nawe, na majirani wakisikia, basi na wasikie.

Ulifundisha Kiingereza darasa la tatu kwa miaka ishirini na tisa. Kalamu nyekundu uliichomeka kwenye nywele, halafu ukaitafuta nyumba nzima, na ole wake aliyecheka. Chai uliimimina, ukaisahau, ukaipasha moto, ukaisahau tena. Na hukuweza kupita mbele ya kibao chenye Kiingereza kilichokosewa bila kuingia ndani kumwona mwenye nacho. Kinyozi wa mtaani kwetu alibadilisha kibao chake mara tatu kwa ajili yako. Mara ya nne alichoka, akaandika kwa Kiswahili: "Tunanyoa. Mwalimu, hapa hakuna kosa." Ulicheka mpaka ukakaa kwenye ngazi za duka lake.

Kompyuta hukuzipenda. Ulisema ni mashine za kuwafanya watu wasitazamane. Basi shule ilipopata vishikwambi ishirini na chumba chenye intaneti, ulichaguliwa kwenda mafunzo ya siku mbili kwa kosa moja tu: ulichelewa kufika kikaoni, wenzako wakalipitisha jina lako kabla hujaingia. Ulirudi kutoka mafunzoni kimya kama maji ya mtungini.

Jumapili iliyofuata, mchana, uliniita mimi binti yako mkubwa.

"Nifundishe," ukasema. "Lakini ukinicheka, na mimi nitawasimulia watu nilivyokufundisha wewe kwenda chooni."

Nilikufungulia ukurasa ambao watu wengi wanaweza kuuandika kwa pamoja, kila mmoja akiwa mahali pake. Nikakuacha mezani na kishikwambi, nikaenda jikoni na simu yangu, nikaandika: Shikamoo Mama.

"Nani huyo anaandika kwenye karatasi yangu?"

"Ni mimi Mama, niko jikoni!"

Ulikuja mbio kuhakikisha. Ukakitazama kidole changu, ukakimbia tena mezani kuyaona maneno, ukarudi jikoni. Mara nne. Baba akaacha cherehani yake, akatoa kichwa mlangoni.

"Kuna panya?"

"Kuna mwanao ndani ya karatasi," ukamjibu.

Kisha ukakaa. Tulikuwa tunaujua ule ukimya wako, wa mtu aliyeokota kitu njiani na hataki kukionyesha bado. Ukaniuliza, "Kwa hiyo watoto arobaini wanaweza kuandika ukurasa mmoja, wasikanyagane?"

"Watakanyagana sana, Mama."

"Hilo si tatizo. Kukanyagana nimezoea."

Ni hao arobaini waliokupa jina. Kwenye ukurasa kila mwandishi alikuwa na kishale chake chenye rangi, na wewe ulisimama katikati ya chumba, miwani puani, ukiita: "Kishale cha kijani, unakwenda wapi? Cha zambarau, mpishe mwenzako!" Wiki haikuisha, ukawa Mwalimu Kishale. Hata mlinzi wa getini alikuita hivyo, kwa heshima zote.

Somo la kwanza lilikuwa vita. Watoto walikaa wawili wawili, mmoja anaandika, mwingine anafikiri, kisha wanabadilishana. Dakika ya kumi na tano mmoja akagusa asipopajua, ukurasa wote ukawa mweupe kama unga. Kilio. Kila mtu akamnyooshea mwenzake kidole. Ukanipigia simu nikiwa zamu wodini, maana mimi ni nesi:

"Karatasi imekufa!"

Nikakuelekeza uguse ile alama ya mshale uliojikunja kurudi nyuma. Nikasikia kelele, kama timu imefunga bao. Maneno yalikuwa yamerudi, yote, pamoja na makosa yake.

Kesho yake ulibandika sheria ukutani kwa herufi kubwa: usifute cha mwenzako, ukiona kosa, liandike pembeni, na uanze kwa kusalimu. Ndiyo maana watoto wa miaka tisa waliandikiana mambo kama hili: "Good morning. Your goats need an s." Habari za asubuhi, mbuzi wako wamekosa herufi moja. Ulituletea maneno hayo nyumbani kama mtu anayeleta zawadi.

Maana mbuzi ndiye aliyekuwa habari ya mjini. Kule mafunzoni ulikutana na mwalimu kijana kutoka ng'ambo ya mpaka, naye anafundisha darasa la tatu, na watoto wake hawajui hata neno moja la Kiswahili. Mkakubaliana: kila Alhamisi saa tano madarasa yenu mawili yaandike hadithi moja, ya mbuzi aliyetaka kwenda shule. Ulitwambia mezani, na uso wako ulikuwa unawaka: "Miaka yote hii nimewafundisha Kiingereza cha mtihani. Leo mwanafunzi wangu amekihitaji kumuuliza mtu."

Alichohitaji kuuliza ni kwa nini wamemuua mbuzi. Wale wa ng'ambo walikuwa wamemwangusha mtoni katika sura ya tatu. Watoto wako waliwaka moto. Barua pembeni mwa ukurasa, salamu kwanza, kisha lawama. Wewe na yule kijana mkaitisha kura. Mbuzi akafufuka kwa kura nyingi, mguu mmoja ukiwa na bandeji.

Kisha ukaja mkutano wa wazazi, na hapo ndipo ulipojaribiwa.

Alisimama fundi viatu wa pale kona, mtu mpole, kofia mkononi. "Mwalimu, nakuheshimu," akasema. "Lakini daftari la Kiingereza la binti yangu ni jeupe. Nikimuuliza leo mmefanya nini, ananiambia tumemfufua mbuzi. Mimi nimemleta shule asome, au afufue mbuzi?"

Watu walicheka. Wewe hukucheka. Wengine wakadakia, kwamba watoto wanacheza, kwamba mitihani iko mlangoni. Mwalimu mkuu, aliyekuwa hapendi kelele, akasema darasa la tatu lisitumie tena chumba kile.

Ulirudi nyumbani umenywea. Uliweka mkoba chini, ukasema, "Yule baba ana haki. Mtoto wake hasemi. Tangu mwaka uanze sijaisikia sauti yake. Daftarini haandiki kwa sababu anaogopa kalamu yangu nyekundu." Ukaichomoa kutoka kwenye nywele, ukaitazama. "Lakini kwenye ukurasa, yeye ndiye kishale cha kijani. Anaandika kuliko wote, na baba yake hajui."

"Basi mwonyeshe," Baba akasema, uzi mdomoni.

Asubuhi ulimwomba mwalimu mkuu Alhamisi moja tu. Wazazi waje, kila mmoja akae na mtoto wake. Wakitoka hapo bado wanataka chumba kifungwe, wewe mwenyewe utampelekea ufunguo, mkononi.

Mimi na mdogo wangu, fundi friji, tuliomba ruhusa kazini tukaja kubeba mabenchi. Kwa hiyo hatukusimuliwa, tuliona. Wazazi walijaa mpaka dirishani. Ulivaa gauni la bluu ambalo Baba alikushonea kwa ajili ya kustaafu, ukasema kustaafu kutangoja. Watoto wakafungua vishikwambi. Na mtandao ukakatika.

Nyuma mtu akaguna, "Si mmeona?" Mdogo wangu akakimbilia nyaya, akarudi akitikisa kichwa.

Ukachukua karatasi za manila kabatini, ukaziunga kwa gundi, ukazitandaza sakafuni kutoka mlangoni hadi ubaoni. Ukamwaga penseli za rangi. "Vishale," ukasema, "leo tunatembea kwa miguu. Andikeni sentensi moja juu ya aliyekuja nanyi. Sheria ni zilezile."

Watoto arobaini walipiga magoti. Hawakubabaika hata kidogo! Kila mmoja na rangi yake, wanapishana, wanasalimiana, wanasahihishana kwa vikaratasi pembeni. Mama mmoja muuza mboga alijikuta naye yuko chini, anamuuliza mwanawe neno fulani linaandikwaje. Mwalimu mkuu aliinua viatu vyake visikanyage maandishi.

Binti wa fundi viatu aliandika kwa kijani, karibu na miguu ya baba yake. Ulichuchumaa kando yake, ukasoma. Kisha ukamwambia kwa sauti ya chini, lakini sisi tulikuwa karibu tukasikia: "Baba yako hakijui Kiingereza. Na mimi hii si yangu kumwambia."

Mtoto aliinama muda mrefu. Hukumharakisha. Wala hukuruhusu mtu amharakishe. Mzazi mmoja alipokohoa ulimtazama akaacha. Kisha mtoto akasimama, akasoma kwa sauti nyembamba kama uzi: "My father makes shoes walk again." Akageuka kwa baba yake, akasema kwa Kiswahili: "Baba yangu huvifanya viatu vitembee tena."

Fundi viatu aliizungusha kofia mkononi, akaizungusha tena. Mwisho akasema, "Andika pia kwamba nafunga saa kumi na mbili."

Hapo ndipo watu walipoangua kicheko, naye akacheka huku anajifuta macho kwa kofia. Mtandao uliporudi, wale wa ng'ambo walikuwa wametuandikia mara sita kuuliza tuko wapi, mbuzi ana njaa. Wazazi walikaa mpaka kengele ikalia, na wengine hata baada yake. Hakuna aliyezungumzia tena kufunga chumba. Na mwalimu mkuu akakuomba umfundishe naye.

Moyo wako ulianza kuchoka miezi saba baadaye. Wiki zile tatu hospitalini hukuomba kitu ila simu iwe na chaji. Manesi walinijua kama mwenzao, wakanishtakia: mama yako hapumziki, anasahihisha. Nilipokugombeza ulinijibu, "Nikipumzika, mbuzi atakufa tena."

Jumatatu ile jioni uliandika pembeni mwa ukurasa kwa mara ya mwisho. Tuliyasoma baadaye. Hayakuwa maneno makubwa. Uliwasalimu, ukasema vizuri sana, sasa kila mmoja akamsomee mtu kwa sauti.

Walisoma, Mama. Walikusomea wewe, siku ile tuliyokusindikiza, arobaini kwa zamu, na ilikuwa mara ya kwanza tukaona waombolezaji wakimcheka mbuzi.

Sasa sikiliza habari za Baba, maana najua hizo ndizo unazozingoja.

Mwezi wa tatu alikwenda shuleni kurudisha ufunguo wako wa kabati. Saa moja ikapita, saa mbili, tukaingiwa na wasiwasi. Mdogo wangu akamfuata. Alimkuta kwenye benchi la darasa la tatu, magoti yamefika kidevuni, kabanwa kati ya watoto wawili. Mwalimu mpya, binti mchangamfu, akamnong'oneza: "Amesema anangoja mvua ipite." Nje jua lilikuwa linawaka.

Tangu siku hiyo kila Alhamisi cherehani inafunikwa kwa kitambaa. Wateja wameshajua. Ana miaka sitini na sita, ni mwanafunzi mkubwa kuliko wote darasani, na mwalimu anasema ndiye mtundu kuliko wote pia. Ana kishale chake, rangi ya chungwa. Kinatambaa pole pole, herufi moja, pumzi, herufi nyingine, na watoto hukipisha.

Wiki iliyopita walitakiwa kuandika sentensi kuhusu mtu wa nyumbani. Baba akatoa jasho, akaandika: "My wife was teacher." Mke wangu alikuwa mwalimu.

Kitoto kilichokaa naye kikamwambia, "Babu, umesahau 'a'. Tulisoma juzi. Mwalimu mmoja, yeyote, ni 'a teacher'. Yule mwenyewe, ambaye wote tunamjua, ndiye 'the teacher'."

Baba alifikiri. Akavua miwani, akaifuta kwa tai ya shule ya yule mtoto, akaivaa.

"Basi huyu wangu hakuwa yeyote," akasema. "Niandikie 'the'."

Mtoto akaandika. Mwalimu mpya akapita, akasoma, akaweka alama ya vema.

Wanaokukumbuka leo ni mumeo, ambaye ni fundi cherehani na mwanafunzi wa darasa la tatu; wanao wawili, nesi na fundi friji; mkweo, ambaye bado anapasha chai mbili, moja yako; wajukuu wako wanne, na wa tano aliyezaliwa mwezi uliopita, ana sauti kama kengele ya shule, dada yako mkubwa, walimu wenzako, pamoja na ndugu, jamaa na majirani wote.

Mungu azidi kukulaza pema, Mama. Jina lako halitatoka midomoni mwetu maadamu tunaishi.