Kipande Kisichotiwa Dawa

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu nyingi, wewe na wifi na watoto. Kile kifua kimekuachia, au bado unakohoa kama pikipiki isiyotaka kuwaka? Sisi huku wazima. Magoti ya mama ndiyo yale yale, asubuhi yanalia, jioni yananyamaza, na mwenyewe anasema heri yalie kuliko yagome. Mimi nakula, nalala, sijambo, ila nina jambo.

Umbea una mbio kuliko barua, kwa hiyo huenda umeshasikia kwamba kitumbua changu kimeingia mchanga. Ni kweli, kazi sina tena. Lakini nakujua, usianze kufoka kabla hujafika mwisho. Nataka usikie kwangu mimi, tangu mwanzo, usije ukalishwa maneno na watu.

Unakumbuka nilivyokaa nyumbani baada ya chuo, nikimsaidia mama kuchambua mboga hadi mboga zenyewe zikanizoea. Nilipokuambia nimepata nafasi ya majaribio kwenye taasisi ya nyasi, ulicheka ukauliza kama nyasi nazo zina daktari. Zinaye, kaka. Nyasi za viwanja vya mpira, za bustani, za mbele ya maofisi, zote zina magonjwa na maadui. Wenye viwanda vya dawa wanatuletea tuwapimie: ipo ya kuua magugu bila kugusa nyasi, ipo ya kuzuia ukungu unaoziacha na madoa kama shuka iliyounguzwa na pasi. Na ipo moja inayonishangaza mpaka leo, inazipunguzia nyasi haraka ya kukua, zinabaki fupi, nene, za kijani, na mashine ya kukatia inapumzika. Kazi yangu ilikuwa kupiga magoti, kutazama na kutoa alama, moja kwa nyasi za kutia aibu, tisa kwa zile ambazo mtu akiziona anatamani kuvua viatu. Mkataba ulikuwa wa muda tu. Mkuu wangu aliniahidi kwamba jaribio hili likiisha salama ataniombea ajira ya kudumu, na mama alishaanza kubishana na mafundi kuhusu rangi ya sebule.

Mkuu huyo, nyuma ya mgongo wake, tunamwita Bwana Lenzi, kwa sababu kioo cha kukuzia vitu hakimtoki shingoni. Ukimwambia mvua imenyesha, atakuuliza umejuaje. Ndiye aliyeomba kibali kwa msimamizi wa yale makaburi mapya ya mjini, alikolazwa baba, ambako hakuna kuta wala nguzo, vibao vimelala sawa na ardhi na nyasi ni zulia moja kutoka uzio hadi uzio. Tuliligawa eneo vipande vipande, kila kimoja na watu wake kadhaa chini, kisha tukapiga kura kwenye kofia ya mnyunyizaji wetu wa dawa. Kipande hiki kikapata dawa hii, kile dawa ile, na vichache vikapangiwa maji matupu. Hivyo ndivyo vya kulinganishia, maana bila hivyo utajuaje kama ni dawa iliyofanya kazi au ni hali ya hewa tu?

Kura ikamwangukia baba. Yeye na majirani zake wakawa watu wa kutotiwa dawa. Sikumwambia Bwana Lenzi kwamba pale ana baba yangu, niliona nitaonekana naleta mambo ya nyumbani kazini. Kura ni kura, nikajisemea.

Mama nilimweleza tukiwa mezani. Aliuliza swali moja tu, kama hatatiwa hata kidogo. Nikamwambia hata tone. Akanisogezea bakuli la mboga, akaanza kulalamikia sabuni za siku hizi kwamba hazitoi povu. Kaka, mama yetu akibadilisha mazungumzo ghafla namna ile, mwenye akili hujiuliza kulikoni. Mimi nikajiongezea mboga.

Sasa sikia maajabu. Vipande vingine vya kulinganishia vilianza kuota magugu kama ilivyotarajiwa, majani mapana yakatandaa utadhani yamelipia kodi. Kipande cha baba kikabaki safi. Si safi kidogo, kilikuwa kinavishinda hata vile tulivyovipiga dawa. Bwana Lenzi alikizunguka mpaka akachakaza nyasi za pembeni. Kwanza alishuku upepo umepeperusha dawa ya jirani, lakini dawa ile huacha magugu yamejikunja na kugeuka njano, na pale hapakuwa na hata gugu la kujikunja. Tukashuku maji. Tukashuku kivuli, nacho hakipo. Udongo ukapelekwa maabara ukarudi ni udongo kama wenzake. Mnyunyizaji alisema waliolala pale walikuwa watu wasafi tangu duniani, na kwamba sayansi ikubali yaishe.

Kisha mimi, mwenye macho yangu, nikaona vitundu. Vidogo, vimetawanyika ardhini katikati ya nyasi, kama vimetobolewa na kitu chembamba. Bwana Lenzi alilala kifudifudi na shati lake jeupe akavitazama kwa kioo, akainuka na nyasi kwenye ndevu, uso unang'aa. Akasema huenda kuna funza anayekula magugu na kuacha nyasi, na kama yupo, dawa zote tulizonazo zinaweza kurudi kwenye maboksi. Akawaandikia wakubwa wake. Mimi nikachanganyikiwa kwa udadisi, kaka, sikudanganyi. Nilimwona huyo funza ndotoni. Nilizika vikopo vya mtego kukizunguka kipande, vikakamata sisimizi na konokono mmoja ambaye hakuwa na maelezo.

Nikaona njia ni moja, niende alfajiri kabla ya watu, maana wadudu wengi hutoka wakati huo. Nikampata. Alikuwa amevaa sweta la baba.

Unajua daktari alimwambia mama atembee kila asubuhi kwa ajili ya magoti, na sote tukimsifu kwa utiifu wake. Kumbe matembezi yenyewe yalikuwa yanaishia pale. Alikuwa amepiga magoti yale yale mabovu juu ya gunia lililokunjwa, mkononi bisibisi ya marehemu anayochokolea mizizi, pembeni mfuko wa magugu umejaa. Wala hakushtuka. Alinisalimia kama tumekutana sokoni, akaendelea na kazi. Nilimuuliza kwa nini ameparamia kipande kizima badala ya kaburi la baba peke yake. Akasema huwezi kufagia mlangoni kwako halafu ukawaacha majirani waonekane wachafu, baba angemsema. Nikamwambia ameharibu jaribio. Hapo ndipo aliponitazama.

"Mlipiga kura nani asitunzwe, mkampata mume wangu," alisema. "Sawa. Lakini mimi sikupiga kura."

Nilisimama pale na kikopo changu cha konokono, huku nikiona ajira inapeperuka.

Nilipiga moyo konde nikaenda kwa Bwana Lenzi asubuhi ile ile, nikamweleza yote, kuhusu mama, na kuhusu baba ambaye sikumtaja. Aliona aibu kwa barua aliyokwisha kuwapelekea wakubwa, nami nikaiona aibu hiyo ikimpanda masikioni. Lakini ni mtu muungwana. Alisema nilipaswa kusema tangu siku ya kura, naye angenihamisha. Sasa vipande vya kulinganishia ni vichache, hawezi kukifuta kimoja bila kuangusha jaribio zima. Atawaandikia kwamba kipande kilivurugwa na kitaanza upya. Mama aache kung'oa mpaka msimu uishe, na mimi nitabaki na ahadi yangu.

Mama alikubali papo hapo. Aliniambia kazi ni kazi, na baba mwenyewe alikuwa mtu wa kazi, ataelewa. Akaosha bisibisi akairudisha kwenye sanduku la vyombo vyake. Tangu hapo hakutoka asubuhi. Alikaa kwenye kiti cha uani, mikono mapajani, kama abiria aliyeambiwa gari limeharibika. Jioni nikirudi ananiuliza, "Leo vipi?" kwa sauti ile ya kumuulizia mgonjwa wa hospitalini, nami najibu kwamba yanaendelea.

Na yalikuwa yanaendelea kweli. Kila nilipokwenda kutoa alama magugu yalikuwa yameongezeka, na kila yalipoongezeka Bwana Lenzi aliridhika, kwa sababu sasa dawa zilionekana thamani yake. Jaribio likawa zuri sana, kaka. Niliandika alama za chini kwenye kipande cha baba, nikijiona nimekomaa.

Sasa nifike kwenye ungamo. Wiki iliyopita, msimu ukiwa umekaribia kabisa kuisha, nilikuta gugu moja limetambaa hadi juu ya kibao. Lilikuwa limefunika jina la baba, imebaki herufi ya mwisho. Nilitoa alama yangu. Niliinuka nikapiga hatua kuondoka. Kisha nikarudi, nikaling'oa. Hilo moja tu, nilijiambia. Nikaona la pili, la jirani yake, nikaona vibaya kuliacha. Kaka, mtu asikudanganye kwamba alipitiwa. Sikupitiwa. Nilijua ninachofanya tangu gugu la kwanza, na niling'oa kipande kizima kwa vidole vyangu, huku nalia na kucheka, mpaka mnyunyizaji akaja akasimama, akavua kofia yake, akaondoka.

Nilikwenda mwenyewe kwa Bwana Lenzi. Aliitazama mikono yangu, akaniuliza, kwa tabia yake ile, nilikuwa nataka kujua nini. Nikamwambia safari hii sikutaka kujua kitu. Akasema basi hawezi kuniombea ajira, na sikumlaumu. Aliushika mkono wangu ule ule wenye udongo, akaniaga.

Kumwambia mama ndiko kulikonishinda. Nilizunguka mitaa, nikaingia nyumbani giza limeshaanza. Nilimkuta anakunja nguo. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, nikingoja anilaumu, au alie kwa ajili ya sebule yake. Alikunja shati likaisha, akaliweka juu ya mengine.

"Uling'oa na mizizi?"

Nikamwambia ndiyo, na mizizi.

"Haya," akasema. "Njoo ule."

Mama anakusalimu, na anasema wifi asikuachie shati bila kifungo wakati unakohoa. Wape watoto salamu za shangazi yao. Nawe ukisikia popote wanatafuta mtu wa kupiga magoti na kutazama vitu vidogo, unitaje.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda