Mkurugenzi Aliyerithi Zamu ya Mlinzi

Reine, acha unachofanya usome. Aol wetu amejifungia chooni analia.

Si unajua ile programu ya kampuni ya ulinzi ya hapa Kamwokya? Leo mchana Aol alikuwa anawaonyesha wakubwa wao kazi yake. Jana Bisimwa, kiongozi wetu, alimwagiza amwongeze humo mkurugenzi wao. "Usiandike upya, rithi tu klasi ya Mlinzi." Akarithi, yaani mkurugenzi akapewa kila kitu kilichoandikiwa walinzi.

Banange, akarithi na kanuni ya zamu! Simu ya mlinzi ikitulia dakika kumi, walinzi wote wanaandikiwa ujumbe kwamba amelala, na aliye karibu anaitwa ampokee. Simu ya mkurugenzi ilikuwa imetulia mezani.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Faustino wa getini, rungu kwapani, akapiga saluti. "Afande, nimeambiwa umelala. Nimekuja kukupokea zamu."

UMELALA! Mbele ya watu wote!

Aol akamgeukia Bisimwa. Yeye eti, "Hata mimi nashangaa." Anashangaa! Nani alisema rithi?

Naibu mkurugenzi akafoka, "Programu ya uongo hii, inamsingizia mkubwa! Hatuitaki!"

Na mkubwa mwenyewe, Reine, kwenye kiti chake, anakoroma.