Kijana Aliyewapa Mgongo Wenzake

Mpendwa mdogo wangu Mbishi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua chako kinachobana wakati wa baridi kimetulia. Huku tunajikongoja vizuri. Watoto wanakusalimu, yule mdogo anaamini wewe ni sauti tu inayokaa ndani ya simu yangu.

Utacheka nikikuambia kwamba baba na mimi tunasoma. Tangu afunge karakana ya mabango alikuwa anashinda dirishani akikosoa maandishi ya maduka ya watu, nikaona heri nimpeleke kwenye darasa la kuchora kwa rangi za mafuta, ghorofani juu ya duka la viatu. Nikajiandikisha naye ili asitoroke. Mwalimu wetu ni binti mdogo tu, lakini akiingia baba husimama.

Kazi yetu ni moja: kunakili picha ya zamani ya wasafiri waliopumzika jangwani. Kuna mwanamke anamimina maji, wazee wawili kwenye kivuli cha ngamia, na nyuma kabisa kijana anayeondoka peke yake, amewapa mgongo wenzake. Nilidhani jangwa ni njano tu. Kumbe mchanga una waridi, una kijivu, na vivuli vyake vina zambarau. Unaanza na kahawia nyepesi, unasubiri ikauke, ndipo unapandisha rangi nzito juu yake. Baba amezoea kuanza bango asubuhi na kulitundika jioni, kwa hiyo huko kusubiri kulimtoa jasho. Ngamia wangu alitoka kama mbuzi mwenye kibyongo. Baba akasema angalau atatupa maziwa.

Siku moja mwalimu alisimama nyuma ya baba, akamwambia kwa adabu kwamba yule kijana kwenye picha halisi haonyeshi uso, ila yeye amemgeuza anatutazama. Darasa likacheka kidogo, nami nikacheka. Baba akasema ni kweli, mwalimu, akachukua kitambaa chenye tapentaini akaufuta ule uso. Sikuwa nimeuangalia vizuri. Hilo linaniuma hadi leo.

Tuliporudi nyumbani baba alikaa jikoni bila kuvua koti, kisha akaniambia kwamba alikuwa amekuchora wewe. Alisema akifika kwa yule kijana mkono unakataa kuchora mgongo, kwa sababu mgongo wako ndio kitu cha mwisho alichokiona siku ile alipokuambia kama huitaki karakana usikanyage tena nyumba yake. Akasema, “Nilimfukuza mwanangu kwa ajili ya mabango, na mabango yenyewe siku hizi yanachapwa na mashine.” Sijawahi kumsikia baba akikiri kwamba amekosea. Nikainjika chai wakati chai ilikuwa tayari mezani.

Nikamwambia auchore upya, mimi nitazungumza na mwalimu. Hapo ndipo aliponieleza alichokuwa amenificha: macho yake yanazimika. Daktari amemwambia jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, na hakuna dawa ya kuirudisha nuru. Ule uso aliuchora pua ikikaribia kugusa turubai.

Hata hivyo alijaribu tena, mimi kando nikimtajia rangi. Akaniuliza kama umenenepa, kama umefuga ndevu. Miaka yote hii sikuwahi kukuomba hata picha, nikiogopa ataiona aseme nimechukua upande wako. Akaiweka brashi chini, akanisihi nisikuandikie habari za macho, usije ukafikiri anakuita kwa sababu ya ugonjwa.

Basi yeye hakuiti. Nakuita mimi. Njoo, uwe na ndevu au usiwe nazo, akuone wakati bado ana cha kuonea.

Mpe mkeo salamu zangu, mwambie sweta alilonitumia limenikaa sawasawa. Jitunze kifua hicho, na usikawie.

Ni mimi dada yako,
ninayekukumbuka kila siku.