Jina la Bibi Mlangoni

Montréal, 4 Novemba 1978

Baba, shikamoo. Goti linasemaje na baridi hii? Mimi mzima, ila mikono imechoka kusonga.

Mkahawa nimeufungua. Napika aligot yetu, viazi vya kusongwa na jibini mpaka vivutike, na kwenye kibao juu ya mlango nimeandika "Kwa Léontine", jina la Bibi. Jibini mbichi kama ya kwetu haipatikani huku, natumia ya hapa. Kwetu ukiinua mwiko inavutika hadi begani. Hii inakatika njiani. Lakini watu wanamaliza sahani. Nibariki, Baba.

Binti yako, Odile

Laguiole, 23 Novemba 1978

Odile, marahaba. Goti linauma. Ng'ombe wamesharudi zizini.

Hiyo si aligot, ni viazi vyenye jibini. Uza upendavyo, lakini jina la mama yangu lishushe. Usiniandikie mpaka ulishushe.

Baba yako, Urbain

Montréal, 15 Januari 1979

Baba, shikamoo. Najua umenikataza kuandika. Je, unapata usingizi?

Jina bado lipo. Juzi alikuja mzee wa Nasbinals, jirani na kwetu, miaka thelathini hajafika kwao. Alikula, akasema, "Dada, hii haivutiki hata kidogo." Nikaona haya. Akasukuma sahani mbele, "Niongezee."

Ukisema tena lishuke, nitapanda ngazi nilitoe. Sitaki kukupoteza kwa ajili ya kibao.

Odile wako

Laguiole, 12 Februari 1980

Binti yangu, salamu nyingi. Nisamehe, mwaka mzima umepita. Goti limenilaza, jirani Célestine ndiye anayenisongea viazi.

Kitandani mtu anakumbuka mengi. Mwaka 1917 baba yangu alikuwa vitani, na ng'ombe wetu walichukuliwa kulisha askari. Mama alisonga viazi kwa mkate mkavu na maziwa kidogo ya kuomba. Nilikuwa na miaka minane. Nikaisukuma sahani, nikamwambia hii si aligot. Hakunipiga. Alisema, "Ndiyo iliyopo, Urbain. Kula, mwanangu." Nikala. Baadaye ndipo nikajua kwamba yeye jioni zile alikuwa hali kitu.

Amekufa sijamwambia asante. Niliona haya, kisha nikazeeka nayo. Wewe umemwambia kwa herufi kubwa, barabarani, kila apitaye anasoma.

Usilishushe. Theluji ikilichakaza, lipake rangi upya. Asante, Odile.

Baba yako