Matoka Yako na Njia ya Chini

Mama,

Leo asubuhi Baba ameng'oa yale maua yako ya matoka. Najua unavyokunja uso ukisikia hivyo, kwa hivyo subiri nikueleze tangu mwanzo, usije ukamkasirikia mzee bure.

Kwanza habari za nyumbani. Ng'ombe wako mweusi alizaa ndama jike. Baba akampa jina lako, halafu akaona aibu, sasa anamwita tu "huyu". Viazi vimekubali. Kiti chako cha jikoni bado kiko karibu na moto na hakuna anayekikalia isipokuwa paka. Mimi bado naishi mjini Nyeri, na bado nafanya ile kazi uliyowaambia wanawake wa kanisa kwamba ni kuchora mistari. Mpaka leo kuna mmoja anayedhani nafundisha watoto wa nasari.

Sasa mistari hiyo ndiyo imetuingia nyumbani. Kuna mpango wa mabasi ya kasi kutoka mjini mpaka Chaka, mabasi makubwa yenye njia yao peke yao, yasiyokwama kwenye foleni. Nilipewa kazi ya kulinganisha njia mbili. Ya juu inafuata barabara kuu, imenyooka, na kuijenga si shida. Ya chini inapinda, inapanda kwanza hadi lango la hospitali, inashuka sokoni, kisha inapanda kupitia mashamba ya kwetu hadi Chaka.

Nikiwa kazini nasema habari za abiria na miteremko, lakini kusema kweli nilikuwa nakuona wewe. Nilikuwa naona zile siku za kwenda kusafishwa damu, tunashukia barabara kuu na kupanda ule mwinuko wa hospitali kwa miguu, blanketi la buluu mabegani mwako. Katikati ya mwinuko ulikuwa unasimama kwa fundi wa viatu. Unachukua kiatu kimoja, unakigeuza, unakiangalia soli, unasema, "Hii ingetosha baba yako." Kila safari kiatu, kila safari Baba. Ulifikiri sijui kwamba unatafuta pumzi. Nilijua, Mama, na fundi alijua, ndiyo maana hakuwahi kukuuliza kama unanunua.

Kwa hivyo njia ya chini ilikuwa imeshinda moyoni mwangu kabla sijafungua kompyuta. Basi la kusimama langoni, mgonjwa ashuke na kuingia. Halafu ikaletwa michoro ya wapima ardhi, na hapo ikaonekana njia ya chini haigusi nyumba wala kaburi la mtu yeyote. Wenzangu wakafurahi. Mimi nikatafuta shamba letu kwenye mchoro, vile mtu hutafuta uso wake kwenye picha ya darasa. Mpaka wetu ulikuwa umechorwa mahali ambapo si mpaka. Wewe ulikuwa umeachwa nje, kwenye ardhi ya barabara, na njia ya mabasi inakupitia juu.

Nilikaa nikitazama ile karatasi mpaka chai ikapoa. Kisha nikaelewa, na nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka peke yangu nikiwa na machozi. Ni matoka yako. Unakumbuka ulivyomwambia Baba akuzike karibu na barabara, uone nani anakuja nyumbani, na apande matoka upande wa kichwa, yale uliyotoa kwa mama yako ulipoolewa. Baba akakataa. Akasema matoka ni ya mpaka, kila mtu anajua, mtu hapandi mpaka katikati ya shamba lake. Nawe ukiwa umelala pale, sauti imebaki kidogo, ukamjibu, "Basi hiyo iwe mpaka, mzee. Ndio usinifuate haraka."

Akayapanda. Na simenti ulikataa, ukasema umeona baridi ya kutosha, kwa hivyo ni nyasi tu na msalaba wa mbao. Siku wapima walipokuja, Baba alikuwa Naro Moru kwa ndugu yake, na msalaba ulikuwa ndani ya nyumba, ameung'oa aupake rangi. Mpima mwenyewe ni mtu wa hapa hapa, amelelewa Othaya. Aliona mstari wa matoka yaliyopandwa vizuri, akajua huo ni mpaka. Angekuwa mgeni angeuliza.

Nikampelekea mkubwa wangu ule mchoro. Ni Bi. Akinyi, yule mama wa kutoka Kisumu aliyekuja kwenye mazishi yako na viatu vya matope akakataa kukaa mpaka wazee wakae. Aliutazama, akavua miwani. Akasema hakuna mtu atakayepitisha basi juu ya mama wa mtu bila familia kusema. Mzee akikataa, tunakwenda juu, na hakuna atakayelaumiwa. Akikubali, ni chini. Akaongeza kwamba pendekezo ataliandika yeye, si mimi. "Wewe enda nyumbani, Nyambura. Ongea na mzee kama mtoto, si kama ofisi."

Mama, njia nzima nilikuwa nawaza jinsi ya kuongea. Ilikuwa rahisi sana. Ningemwambia Baba tu kwamba serikali inataka kukuhamisha. Angekataa kabla sijamaliza, nawe ungelala pale pale. Nilitaka hivyo. Sijui kama unaelewa nilivyotaka. Tangu ulipoondoka, nikifika pale kwenye kona naona matoka kwanza, ndipo naona nyumba, na kwa muda mdogo tu inakuwa kama umetoka kunilaki. Nani atanipa kitu kingine cha namna hiyo?

Nilimkuta anakamua. Nikakaa kwenye jiwe, nikamwambia yote, na la hospitali pia. Ila la fundi wa viatu nikaliruka. Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. Alipomaliza akauliza, "Hiyo basi itasimama wapi hasa?" Nikamwambia langoni, langoni kabisa. Akaniuliza tena kama niko na uhakika, na nikamwambia niko na uhakika. Akabeba ndoo akaingia ndani, na usiku huo hakuligusa tena jambo hilo. Nikajua amekataa. Nililala nikiwa na furaha, na nikiona haya kwa furaha yenyewe.

Asubuhi nikasikia jembe.

Alikuwa amepiga magoti pale kichwani kwako, anayatoa matoka moja moja na mizizi yake, anayaweka kwenye gunia lenye maji. Baba, Mama. Huyu mtu aliyeacha kusalimiana na jirani kwa sababu ya itoka moja lililosogezwa. Tangu utoto ametuambia kwamba mtu anayeng'oa mpaka anatafuta laana. Nikasimama tu na shuka mabegani. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mama yako hakupenda kupanda ule mlima. Alikuwa anajifanya ananiangalizia viatu."

Alijua, Mama. Muda huo wote alijua. Ulikuwa ukimsimulia jioni, kumbe, na mimi nikidhani ile siri ni yetu na fundi.

Tukapanda pamoja. Amechagua mahali hapo juu kidogo, chini ya jikoni, na nimepima mwenyewe: njia ikishajengwa, itapita mbele yako kama barabara inavyopita sasa. Nilianza kumweleza hayo kwa lugha yangu ya ofisini, akanikatiza. "Barabara ikisonga, na yeye anasonga. Si alisema anataka kuona wenye wanakuja?" Kisha akaupiga udongo kwa kiganja, mara moja, vile alivyokuwa akikupiga begani mkitoka kanisani.

Kwa hivyo matoka yametangulia, nawe utafuata. Karatasi zikiwa tayari pasta atakuja kuomba, na wanawake wa kanisa wataimba, na yule mmoja ataniuliza tena watoto wa nasari wanaendeleaje. Mimi nitakuwepo. Sitakuacha na wafanyakazi wa barabara hata dakika moja. Nitaleta lile blanketi la buluu, maana najua utasema asubuhi ni baridi.

Na Baba usiwe na wasiwasi naye. Amepanda mpaka wako upya, mstari umenyooka kuliko wa kwanza, na nitahakikisha anauheshimu. Anakula. Anavaa soksi nikimkumbusha.

Mami, uliniita hivyo maisha yote kwa sababu nina jina la mama yako, leo acha nikuite hivyo mimi. Lala salama, mami. Siku basi la kwanza litakapotoka mjini nitalipanda pale langoni pa hospitali, na nitakaa dirishani, upande wako, ili unione nikija.

Nyambura wako