Leso ya Darasa la Kwanza

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima kutoka huku Tononoka. Goti lako laendeleaje, na mvua imeshafika Wundanyi? Sisi hatujambo. Saru amepona kikohozi, anakula mpaka anaomba tena.

Mama, nina jambo limenikaa rohoni, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani?

Unajua mimi natoka alfajiri kwenda kufua nguo Ganjoni. Saru hupelekwa shule na jirani yangu Bi Zuhura, mtu mzima, mzaliwa wa Mji wa Kale, hakujaliwa mtoto. Ndiye anayemsuka nywele, ndiye anayenikalia mikutano ya wazazi. Namshukuru, lakini nina wivu, Mama, wivu wa kunikosesha usingizi! Mtoto ananicheka nikisema Kiswahili kwa lafudhi yetu ya huko. "Siyo hivyo, Mama, Bi Zuhura hasemi hivyo." Chai yangu nayo haina iliki kama ya Bi Zuhura.

Basi Alhamisi ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Wanawake wa hapa wakiwa na shughuli hununua leso za sare, na shule yetu imefuata mtindo huo, kina mama wa kila darasa na leso yao. Mimi sikuambiwa. Nikaomba ruhusa kazini nikaja mbio, vidole bado vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Nafika, kina mama wa darasa la kwanza wamekaa mbele wameng'ara kwa leso za manjano, na Bi Zuhura yumo katikati, moja kiunoni, moja mabegani. Nikakaa nyuma na gauni langu la kazi.

Mwalimu akasema, "Kila mtoto amlete mama yake hapa mbele." Saru akachomoka. Mimi nikainuka. Mama, mtoto niliyemzaa alikwenda akashika mkono wa Bi Zuhura!

Bi Zuhura akageuka akaniona nimesimama. "Ee, Mghoi! Umekuja? Mbona hukunambia una ruhusa?"

"Na wewe mbona hukuniambia habari ya leso?"

"Nilijua huji, mwanangu." Akaivua ile ya mabegani. "Haya, jitande, uende na mwanao."

"Sitaki leso yako."

Kina mama wakageuka wote. Mmoja akasema, "Makubwa haya!" Saru akapiga mguu chini: "Mama, vaa basi, mwalimu anangoja!"

Nikavaa. Ilinukia udi wa Bi Zuhura. Nilipofika mbele mwalimu akanitazama, akauliza, "Huyu ni nani, Saru?"

"Ni mama yangu. Huwa anafua, ndiyo maana humjui."

Nilitaka kulia na kucheka. Ile leso nimeifua, nimeikunja, na sijairudisha. Naye hajaiuliza.

Jana nikamwomba tajiri wangu niwe nachelewa kidogo asubuhi, akakubali, ila nitachelewa pia kutoka. Potelea mbali. Jumatatu nampeleka Saru mwenyewe. Nilipomwambia akauliza, "Na Bi Zuhura?"

Nikamjibu, "Bi Zuhura atatupungia mkono mlangoni."

Nisalimie Baba, na shangazi anayekuchotea maji, na kaka Mwakio umwambie asome. Ukipata mtu anayeshuka Mombasa, mpe ndizi kidogo za Saru, ajue na kwa bibi yake kuna vitamu.

Ni mimi binti yako Mghoi, mama yake Saru.