Glasi Niliyoimwaga Mbele ya Shangazi

Kwako Shangazi, uliyenilea,

Ninakuandikia barua ambayo itasomwa na kila mtu isipokuwa wewe. Ndugu zetu wamekusanyika hapa Iringa kumaliza msiba wako, wakaniomba nizungumze, kwa kuwa katika ukoo mzima mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa na maneno. Siku ya maziko nilizungumza pia. Nilisema ulinifundisha adabu, watu wakatikisa vichwa, wengine wakanipongeza kwa ufasaha, nikaketi. Sikusema nilivyoitumia adabu hiyo ulipokuja kwangu Mbeya. Marafiki zangu wawili waliokuwapo siku ile wamekaa safu ya nyuma, na hata wao wanalijua jambo lenyewe nusu. Leo nimekuja na nusu iliyobaki.

Wa kwetu hawahitaji kuambiwa ulivyoujua ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Majira ya mvua ulikuwa ukitoka asubuhi kwenda kwenye mianzi nyuma ya nyumba, nami nikikufuata na ndoo. Ulishusha mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga utomvu, ukaonja kidogo tu, ukatulia kana kwamba unamsikiliza mtu. "Huu umeingiwa na maji ya mvua," ulisema. Au: "Mgema wetu jana alikuwa na haraka, hakukata vizuri." Ule mtamu wa siku hiyo hiyo ulitugawia sisi watoto na viazi vya kuchoma. Ulanzi ukishakuwa mkali, ulisema sasa unataka nyama yenye mafuta, na nyama ikikosekana, maharage yaliyolala. Ulifanya kazi hiyo miaka yote bila kuipa jina. Jina nililisikia nikiwa mtu mzima, kwa watu wengine, nikaamini kwamba wao ndio walioianzisha.

Ndivyo nilivyojiunga na wenzangu wa Mbeya. Tulikuwa watano, na Jumamosi moja ya kila mwezi tulikutana kuonja divai nyekundu, kila mmoja akileta chupa yake pamoja na chakula alichoona kinapatana nayo. Nikiri kwamba nilikuwa na furaha sana. Tulibishana iwapo divai nyepesi inaendana na samaki wa Kyela, iwapo pilipili ya soko la Mwanjelwa inaua ladha. Nilijifunza kuzungusha glasi, kunusa, kusema maneno kama "ngozi" na "zambarau zilizoiva" huku uso wangu umetulia. Nilikuwa nimeondoka kijijini miaka mingi, lakini ni mezani pale nilipojiona nimefika.

Ulikuja kunitembelea mwezi ambao zamu ya kualika ilikuwa yangu. Tulikuwa na mgeni, mhadhiri kutoka Dar es Salaam aliyekuja chuoni kwetu kwa wiki moja, na nilitaka anione kuwa mtu wa kiwango chake. Wewe uliniuliza swali moja tu: mgeni anakula nini. Ukampikia mbuzi, ukamweka na wali na ndizi mbivu za kukaanga, na nyumba nzima ikanukia. Nami nikashusha chupa yangu ya heshima, niliyoitunza miaka miwili juu ya kabati la jikoni, imesimama wima karibu na joto la jiko, ikisubiri mtu wa kuistahili.

Rafiki yangu Ambakisye, ambaye hajui kunyamaza, ndiye aliyekuita sebuleni.

"Shangazi, njoo ukae na sisi bwana! Unajificha jikoni kama una kesi?"

"Nyie mnakunywa kwa pua," ulimjibu ukiwa mlangoni. "Mimi nikikaa hapo nitashiba lini?"

Walicheka, na mgeni alicheka kuliko wote. Ukaja. Nikamimina glasi ya kwanza, ya mgeni, na kabla sijaiinua wewe ulikwishaichukua kwa mikono miwili. Ukapiga goti mbele yake, ukanywa funda moja. Uso wako ulikunjamana kidogo. Ulikuwa ukifungua mdomo kusema jambo.

"Shangazi!" nilisema. "Huyo ni mgeni!"

"Ndiyo maana nimeanza mimi, mwanangu," ulisema. "Ni mgeni."

Waliotoka mbali waniruhusu niwaeleze. Kwetu anayetoa kinywaji hukionja kwanza yeye mwenyewe, mbele ya macho ya anayepewa. Tunasema anatoa sumu. Humwambia mgeni bila maneno: kama kuna baya humu, limeanza na mimi. Nilikuwa na miaka saba uliponirudisha jikoni na kikombe cha togwa cha babu kwa sababu nilimpa bila kuonja. Kwa hiyo sikukukemea kwa kutojua. Nilijua. Nilijua kila kitu ulichokifanya, hatua kwa hatua, na nilijua kwamba mgeni yule alikuwa akipewa heshima kubwa kuliko yote iliyokuwa imetolewa katika nyumba ile.

Nikaichukua glasi mkononi mwako ukiwa bado umepiga goti. Nikaenda jikoni, nikaimwaga kwenye sinki, nikaiosha kwa sabuni mara mbili, nimefungulia bomba kwa nguvu ili sebuleni wasikie maji. Niliporudi, mgeni aliniuliza kwa sauti ya upole:

"Ni desturi ya kwenu?"

Nikajibu, "Hapana. Ni uzee tu."

Ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwangu, Shangazi. Nililisema hilo kwa Kiswahili kilichonyooka, kile kile ulichonisomesha.

Tukanywa. Mgeni alisema divai inahitaji chakula. Ambakisye alisema ina msimamo. Mimi nilizungumzia zambarau. Tuliimaliza chupa yote, watu wazima sita, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba ilikuwa siki. Mbuzi wako ndiye aliyetuokoa. Kila mmoja alimfuata kwa wali kama mtu anayesuuza kinywa.

Walipoondoka nilikukuta ukikausha vyombo. Nilisubiri unigombeze, na ungenigombeza ningekuwa nimepona. Ulisema tu:

"Ile chupa ilikuwa imechacha, mwanangu. Nilitaka kukuambia kabla mgeni hajaumwa tumbo."

"Sawa, Shangazi," nikasema. Na hilo ndilo neno pekee nililokupa. Jumatatu nikakusindikiza stendi. Uliniachia mboga zilizokaushwa, ukanikumbusha kuziloweka, ukapanda basi.

Baada ya hapo nilikupigia simu kila wiki. Tulizungumza juu ya mvua, mbolea, magoti yako. Mara mbili nilianza, "Shangazi, siku ile..." na mara zote mbili nikamalizia na jambo jingine. Nilijiambia kwamba jambo zito halisemwi kwenye simu, kwamba nikija likizo nitakuketisha na kulisema vizuri. Nilikuwa nikiyapanga maneno. Mtu aliyezoea kusikilizwa hudhani hata aibu yake lazima iwe na utangulizi. Ulifariki nikiwa bado ninayapanga, na siku ya kukuzika nikayatumia mengine, yaliyo mazuri zaidi.

Baada ya maziko nilimpigia simu yule mhadhiri. Nilimweleza kwamba nilimdanganya: kwamba ulikuwa na akili timamu, na kwamba alichokiona ni desturi. Yeye akasema:

"Nilijua, dada. Mama yangu hufanya hivyo hivyo. Nilishanyoosha mkono kuipokea. Nilikuuliza ili wewe upate nafasi ya kusema ndiyo."

Tangu hapo sijapata pa kuuweka uso wangu. Kumbe katika chumba kile nilikuwa peke yangu. Watu wale niliowaogopa walikuwa upande wako; hata Ambakisye ameniambia kwamba nilipokuwa nikiosha glasi hakujua atazame wapi. Aibu niliyoikimbia siku ile haikuwapo. Hii niliyonayo niliitengeneza mwenyewe, kwa sabuni na maji.

Sikuombi unisamehe, Shangazi. Kusamehe nako ni kazi, na kazi ulizonifanyia zinatosha, pumzika. Ila swali lile niliulizwa mbele ya watu, na jibu langu lilikuwa la uongo mbele ya watu. Wengine wao wako hapa, na ndugu zetu wako hapa, na mhadhiri ameniahidi kwamba nikimtumia barua hii ataisoma. Basi ninajibu upya.

Ndiyo. Ni desturi ya kwetu. Na aliyepiga goti ni shangazi yangu.

Nakuaga kwa aibu na kwa upendo,

Binti wa kaka yako.